Yule mzungu wa Chalenji

Kwanza niseme ukweli, huyu mzee nilimchukia. Chuki ya mpira lakini, sio ya mtu na mtu, ile unayoamka nayo asubuhi, mchana ushaisahau uko kazini, halafu jioni ukiona sura yake kwenye tivii inarudi mbichi kabisa.

Desemba 2011, Uwanja wa Taifa pale Temeke, nusu fainali ya Chalenji, kombe la nchi za Afrika Mashariki na Kati, sisi Tanzania na Uganda. Nimekaa mzunguko, jezi ya bluu nimeinunua nje kwa machinga na ishaanza kuchuja kwa jasho la kwanza tu, halafu tukatangulia kufunga. Jamani, tulitangulia! Uwanja mzima unaimba. Kule kwenye mstari wa makocha kasimama kocha wa Uganda, mzungu mmoja mnene-mnene, nywele kazikata fupi kama askari magereza, uso umeiva kwa jua la Dar, mikono kaikunja kifuani. Haruki, hapigi kelele, anaangalia tu kama fundi muashi anayesubiri zege likauke. Mimi na jamaa wa pembeni tukamcheka sana. Mzee hana habari, mzee ashakubali.

Waganda wakasawazisha. Dakika 90 zikaisha moja moja, tukaenda za nyongeza, na huko ndiko tulikochinjwa, 3-1. Dakika zile 30 wenzetu utadhani ndio kwanza wameshuka kwenye basi, mabeki wetu wanashika magoti, na straika wao Okwi, ambaye sisi watu wa Msimbazi, yaani Simba, tulikuwa tunamuita mtoto wetu, siku hiyo alikuwa mtoto wa watu. Mzungu bado kakunja mikono. Nilirudi mpaka Keko kwa miguu maana daladala zilijaa na pia sikutaka kukaa karibu na mtu yeyote anayeongea.

"Hivi anaitwa nani yule?" nilimuuliza jamaa njiani.

"Bobby."

"Bobby nani?"

"Bobby tu, wewe unataka cheti chake cha kuzaliwa?"

Cheti chake nimekuja kukisoma miaka mingi baadaye, usiku mmoja umeme ulikuwa umekatika, simu ina chaji nusu, nikaanza kufukunyua intaneti nikajikuta nimezama mpaka saa tisa. Kumbe yule mtu tuliyekuwa tunamcheka mzunguko alishaishi maisha mengine kamili kabla hajatua Entebbe. Na nilivyozidi kusoma nikaona kuna kitu hakijakaa sawa, kwao Uskoti wanamkumbuka kwa maisha ya kwanza na ya pili wanayapitia kwa mstari mmoja, huku kwetu tunayajua ya pili nusu nusu na ya kwanza hatuyajui kabisa. Nikasema ngoja niyashone pamoja.

Bobby ni Robert Williamson, kazaliwa Glasgow 1961. Straika. Alianzia Clydebank, timu ndogo ya kando ya mto Clyde kule kwenye viwanda vya meli, akafunga vya kutosha mpaka mwaka 1983 Rangers wenyewe, klabu kubwa ya Glasgow, wakamchukua. Sasa Rangers ya kipindi hicho usiifikirie Rangers ya makombe, ilikuwa inahangaika, Aberdeen ya Alex Ferguson na Dundee United ndio walikuwa wanatesa. Mwaka huohuo akasajiliwa na kijana mwingine straika anaitwa Ally McCoist, na huyo ndiye aliyekuja kuwa mfungaji wa kihistoria wa klabu, Bobby akabaki kuwa yule mwingine. Kila timu inao hao. Mwaka 1986 Graeme Souness alipokuja na hela na majina makubwa kutoka Uingereza, Bobby akapelekwa West Bromwich Albion katika mpango wa kubadilishana, beki Jimmy Nicholl akarudi Glasgow na yeye akaenda upande wa pili. Akashuka tena mpaka Rotherham, daraja la nne kabisa la Uingereza, na huko akafunga sana, Rotherham wakabeba ubingwa wa daraja lao msimu wa 1988/89.

Hapo ndipo angeweza kuishia. Wachezaji wangapi wameishia hapo, mguu mmoja unauma, jina kidogo, unafungua baa.

Ila 1990 Kilmarnock wakamrudisha nyumbani. Kilmarnock ni mji mdogo kusini magharibi ya Glasgow, na kama hujawahi kuusikia kwa mpira basi umeusikia kwa chupa, maana ndiko ilikozaliwa Johnnie Walker, ile yenye mzee anayetembea na fimbo, na waliifungasha hukohuko mpaka 2012 kiwanda kikafungwa. Klabu yao walishawahi kuwa mabingwa wa nchi mara moja tu, 1965, halafu wakashuka wakashuka weee mpaka wakasahaulika. Bobby akafunga mabao, timu ikapanda ligi kuu 1993 chini ya Tommy Burns, viungo vikachoka, akawekwa kwenye benchi la ufundi kufundisha timu ya akiba. Kazi ya mtu anayesubiri kustaafu.

Desemba 1996 kocha mkuu, Alex Totten, akafukuzwa. Bobby akaambiwa shikilia kwanza.

Hii sehemu naipenda. Totten akaenda kupata kazi Falkirk, timu ya daraja la chini. Kombe la Uskoti likaendelea raundi kwa raundi, Kilmarnock wanapita, Falkirk nao wanapita, mpaka tarehe 24 Mei 1997 pale Ibrox fainali ikawa Kilmarnock na Falkirk. Yaani mzee Totten upande mmoja, na timu iliyomfukuza upande wa pili, inaongozwa na yule aliyekuwa chini yake. Mpira ukiamua kuwa na roho mbaya haukosei. Paul Wright akafunga bao moja, 1-0, mechi yenyewe wanasema haikuwa ya kutazamika sana. Kilmarnock hawakuwa wamelishika kombe hilo toka 1929! Miaka 68. Hapo unazungumzia mtu ambaye babu yake alikuwepo na baba yake hakuwahi kuona.

Ukienda mji ule leo Bobby Williamson ni mtu mkubwa, na ana haki. Alikaa mpaka 2002, timu ndogo ile ikawa inamaliza nafasi ya nne, inaenda Ulaya, akawaleta McCoist na Ian Durrant wakiwa wazee kutoka Rangers waje kumalizia mpira wao kwake, yule straika aliyemfunika zamani sasa anamuita bosi. Walifika fainali ya Kombe la Ligi 2001 wakakutana na Celtic na Henrik Larsson akawapiga matatu peke yake. Basi.

Halafu Hibernian ya Edinburgh wakamchukua, na huko mambo hayakuwa matamu. Hibs wanapenda mpira wa pasi, wa kupendeza, na huyu mtu falsafa yake ilikuwa ileile ya ukuta na zege. Usimruhusu mwenzako afunge, halafu tutaona. Alipandisha vijana kama Scott Brown, Derek Riordan, Garry O'Connor, ambao baadaye waliuzwa kwa pesa nzuri. 2004 akaitoa Celtic, akaitoa Rangers kwa penati kwenye Kombe la Ligi, kazi ngumu yote kaimaliza, fainali akakutana na Livingston wenye madeni mpaka shingoni, akafungwa 2-0. Kumbuka hilo, huyu mtu kuna mlango wa mwisho huwa unamgomea. Mwezi uliofuata akahamia Plymouth kule kusini kabisa mwa Uingereza, akaikuta timu inakaribia kupanda daraja akaimalizia safari, mwaka uliofuata ikaponea kushuka, Septemba 2005 akafukuzwa. Chester City, akafukuzwa huko pia, Machi 2008.

Umri wa miaka 46, amefukuzwa timu ya daraja la nne. Simu ikaita kutoka Kampala.

Sasa angalia mpira ulivyo na vituko vyake. Uganda Cranes, timu ya taifa ya Uganda, ilikuwa na kocha anaitwa Csaba László, wa asili ya Hungary, Waganda walimpenda mno. Katikati ya 2008 akaondoka kwenda kufundisha Hearts, Edinburgh, ambao ndio watani wa jadi wa Hibs. Kwa hiyo kocha wa Kampala kaenda Edinburgh, na aliyekuwa kocha wa Edinburgh, tena wa upande wa pili wa mji, kaja Kampala, ni kama Simba na Yanga wamebadilishana makocha kwa kupitia Uganda. László akamchukua na mchezaji wa Cranes, David Obua, akacheze Hearts. Waganda wengi waliona wamepunjwa. Wametoa kocha wanayempenda wamepewa mtu aliyefukuzwa Chester, na Chester yenyewe iko wapi?

Jibu alilitoa kwenye Chalenji. Mashindano ya mwaka 2008, ambayo kalenda ilisogea mpaka Januari 2009, yalikuwa Kampala, Uganda wakabeba kwa kuifunga Kenya 1-0 fainali. Mwaka 2009 yakawa Nairobi, wakaifunga Rwanda 2-0, wakabeba. Mwaka 2010 yakaja Dar, nusu fainali tukawatoa sisi kwa penati 5-4 na Shadrack Nsajigwa akaja kutupa kombe kwa penati dhidi ya Ivory Coast fainali, ule usiku sitausahau, nililala nje. 2011 Dar tena, wakatufanyia nilichosimulia hapo juu, fainali wakaitoa Rwanda kwa penati baada ya sare ya 2-2. Mwaka 2012 Kampala, wakabeba tena mbele ya Kenya, 2-1.

Mashindano matano, makombe manne. Tanzania Bara toka dunia iumbwe tunalo kombe hilo mara tatu, 1974, 1994 na hilo la 2010. Mzungu mmoja mwenye mikono kifuani katuburuza sote kwa miaka minne na mwaka pekee aliokosa ndio tuliopata sisi.

Najua mtasema Chalenji ni kombe la mbuzi. Leo mnasema hivyo, na kweli limezorota, timu za wakubwa mara ya mwisho zimekutana 2019. Ila kipindi kile lilikuwa ndilo kombe letu, Desemba ikifika mitaa inajua, na mtu yeyote aliyewahi kukaa Taifa dakika ya 110 timu imekufa misuli hawezi kuniambia ni la mbuzi.

Tatizo ni kwamba Waganda wenyewe hawakumuajiri kwa ajili ya Chalenji. Chalenji Uganda wanazo nyingi kuliko nchi yoyote, kwao ni kama ugali. Wao walitaka AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika. Mara ya mwisho kwenda ilikuwa 1978 kule Ghana, na walifika fainali, wakafungwa na mwenye nyumba 2-0. Toka hapo hakuna. Kizazi kizima kimezaliwa kikaota ndevu hakijaiona Cranes AFCON.

Na sasa nakuja kwenye kilichonifanya nikae niandike haya yote.

Kufuzu kwa 2012, kundi lilikuwa na Angola, Kenya na Guinea-Bissau. Bobby alianza kwa kuichapa Angola 3-0 Kampala, watu wakasema safari hii ndiyo yenyewe. Ikaja mechi ya mwisho, tarehe 8 Oktoba 2011, Namboole, uwanja wa taifa kule Kampala, Uganda na Kenya. Uganda akishinda anaenda, hesabu haina kona. Kenya hawana cha kupoteza, na hao ndio watu wabaya zaidi kukutana nao. Ilikuwa 0-0. Angola huko wakashinda ugenini Guinea-Bissau, wakamaliza na pointi 12, Uganda 11. Pointi moja! Mjomba wangu anayeishi Kampala, mtu mzima mwenye wajukuu, kaoa Masaka na kahamia huko toka sijazaliwa, alinipigia usiku ule hakusema neno, nikamsikia anapumua tu, nikamwambia shikamoo mjomba, akajibu marahaba akakata.

Mwaka uliofuata nikawa Kampala mwenyewe. Nilikuwa nafuata mzigo Kikuubo, vitenge na vikorokoro vya kuuza Bukoba, nikafikia kwa mjomba. Ilikuwa Oktoba 2012 na mji wote bendera, tarehe 9 walikuwa wametimiza miaka 50 ya uhuru, nyeusi njano nyekundu kwenye kila nguzo, bodaboda zimefungwa vitambaa, mpaka muuza rolex, zile chapati za mayai, pale kona kwa mjomba alikuwa kapaka kopo lake la mafuta rangi za taifa. Tarehe 13 ndiyo mechi, ya kufuzu AFCON 2013. Zambia. Mabingwa wa Afrika, walikuwa wamelibeba kombe Libreville mwezi Februari mwaka huohuo, wana kocha wao Hervé Renard na shati lake jeupe. Mechi ya kwanza kule Ndola walishinda 1-0. Uganda anatakiwa kurudisha na kuongeza.

Mjomba akasema twende. Nikamwambia mjomba mimi Mtanzania, huyu mzungu alinitoa Taifa mwaka jana. Akaniangalia. "Mwanangu, leo wewe ni Mganda mpaka saa mbili usiku, baada ya hapo rudi kwenu."

Namboole ile sijui niieleze vipi. Tuliingia saa tano asubuhi kwa mechi ya jioni. Uganda walikuwa hawajapoteza mechi ya mashindano pale toka 2004 na kila mtu aliyekaa karibu yangu alilisema hilo kama dua, mmoja anamaliza mwingine anaanza. Vuvuzela mpaka meno yanatetemeka. Mjomba kabeba njugu kwenye karatasi ya gazeti na hakula hata moja, alizishika tu mpaka zikawa joto.

Massa, straika wa Uganda, akafunga kipindi cha kwanza. Sijui nilikumbatiwa na watu wangapi, kuna mama mmoja alinivuta shingo akanibusu kipara akaniita mtoto wake kwa Kiganda. Jumla ikawa 1-1. Kumbe kilichobaki chote ni kusubiri. Kipindi cha pili Zambia wanatafuta, Uganda wanabana, zege linakauka, na kwa mara ya kwanza nikamuelewa yule mzee kule chini. Nikiwa adui yake pale Taifa niliona anaboa. Nikiwa upande wake niliona kila mtu yuko mahali pake, hakuna anayekurupuka, beki akipiga mpira nje anapiga nje kabisa mpaka jukwaani bila aibu. Hakuna uzuri wowote. Ila uliona kabisa hawa watu wameambiwa kitu na wamekielewa.

Tatizo la kubana ni kwamba ukibana sana mechi inafika kwenye penati, na penati hazina kocha.

Mjomba alikuwa anahesabu kwa vidole. Mkono wa kulia Uganda, wa kushoto Zambia, njugu kashanipa mimi. Wakipiga anakunja kidole. Tano tano zikapita, vidole vikaisha, akaanza upya. Sita. Saba. Waliokaa mbele yetu wamegeuka wameupa uwanja mgongo, wanatuangalia sisi usoni ili wajue kwa sura zetu nini kimetokea. Nane. Zambia wakapata ya tisa. Aliyepiga ya Uganda iliyofuata sitamtaja jina, ni baba wa watu, na alikuwa na moyo wa kwenda pale wakati wengine wanaangalia viatu vyao. Haikuingia. 9-8.

Sijawahi kusikia watu elfu arobaini wamenyamaza. Unasikia bendera zinapigwa na upepo, basi.

Kwa hiyo jumlisha mwenyewe. Mechi mbili zilizomzuia Bobby Williamson kuwa mungu mtu Uganda zote zilikuwa Namboole, na zote hakufungwa. Ya kwanza sare, ya pili alishinda. Uwanja ambao hakuna aliyeweza kumfunga ndio uliomfukuzisha kazi, maana baada ya pale imani ilikatika. Machi 2013 wakaenda Liberia wakafungwa 2-0 kwenye kufuzu Kombe la Dunia, Aprili akatimuliwa. Akaja kocha Micho, ambaye sisi wa Dar tunamjua toka enzi za Yanga, na Septemba 2016 bao la Farouk Miya dhidi ya Comoro likaipeleka Uganda AFCON baada ya miaka 38. Micho ana heshima yake stahiki kabisa. Ila mimi nikiwaangalia kina Onyango, golikipa wa Cranes, siku ile wanashangilia, nilimkumbuka yule mwingine. Wale wachezaji walijifunzia kubana kwa nani?

Wengi walidhani atapanda ndege arudi kwao. Wapi. Alivuka mpaka tu akaenda Gor Mahia, klabu ya Nairobi, katikati ya msimu huohuo wa 2013, kuchukua nafasi ya kocha Logarušić. Sasa Gor sio timu ya kwenda kupumzika. K'Ogalo, kama mashabiki wanavyoiita, ni kabila, ni kanisa, ni foleni ya barabarani, na ubingwa walikuwa hawajauona toka 1995. Miaka 18 mashabiki wanaimba kila Jumapili halafu wanarudi mikono mitupu. Mskoti kaingia, mbele yupo Mganda Dan Sserunkuma anafunga, na mwisho wa msimu kombe likarudi. Miaka 68 Kilmarnock, miaka 18 Gor. Kuna watu wana kipaji cha kufungua makabati yaliyofungwa muda mrefu, hata kama mlango wa mbele unawashinda.

Agosti 2014 Kenya wakamchukua kuwa kocha wa Harambee Stars, na Gor wakamleta Mskoti mwingine, Frank Nuttall, ambaye aliendeleza ubingwa. Nahodha wa Stars wakati ule ni Victor Wanyama, ambaye alitokea Celtic, kwa hiyo mtu wa Rangers anafundisha mtu wa Celtic Nairobi. Glasgow hiyo ni habari ya kupigana baa, Nairobi hakuna aliyejali.

Harambee Stars ndipo naona alipochoka. Zambia tena, safari hii Nairobi Septemba 2015, wakafungwa 2-1. Novemba wakacheza na Cape Verde kufuzu Kombe la Dunia, nyumbani wakashinda 1-0 kwa bao la Michael Olunga, kijana wa Gor kipindi hicho, na ilikuwa kazi safi maana Cape Verde ya wakati ule ilikuwa moto. Marudiano Praia. Timu ya taifa ikakaa Uwanja wa ndege wa Wilson inasubiri ndege ambayo haiondoki, masaa yanakwenda, wachezaji wamekalia mabegi, na walifika Praia masaa machache tu kabla ya mechi. Unamwambiaje mtu wa namna hiyo akabane? Mfumo wake wote ulikuwa wa mpangilio, kila mtu mahali pake kwa wakati, na kilichomuua ni ratiba. 2-0, wakatoka.

Februari 2016 uongozi mpya wa shirikisho ukaingia na yeye akatoka. Hakununa kimyakimya kama makocha wengi wa kigeni wanavyofanya, wanaondoka wanasema Afrika ndivyo ilivyo. Alikwenda mahakamani hapohapo Nairobi, mahakama ya kazi, akadai mkataba wake kama mfanyakazi yeyote aliyeachishwa kazi Industrial Area, na mahakama ikaamua alipwe fidia ya mamilioni ya shilingi. Mnaweza kusema mzungu kapenda hela. Mimi naona ni kinyume. Mtu anayeamini sheria za nchi kiasi cha kwenda kupanga foleni kwenye korido za mahakama yake ameshahamia.

Mwaka jana nilipita Kampala nikamsalimia mjomba. Kazeeka, macho yanasumbua, mpira anausikiliza kwenye redio. Nikamuuliza mjomba, yule Bobby unamuonaje leo. Nilidhani atatukana maana Waganda wengi nikiwauliza wanatukana kidogo kwanza.

Akasema, "Yule alikuwa mtu wa kazi."

Halafu akanyoosha mikono yote miwili juu ya meza, akaanza kukunja vidole, kulia kushoto, kulia kushoto, taratibu, akafika mwisho akarudia mwanzo, mpaka akabaki na kidole kimoja cha mkono wa kulia kimesimama, akawa anakiangalia.

"Kunywa chai," akaniambia, "inapoa."